Imeandikwa wapi? Majibu kwa wanafunzi wa uhasibu kuhusu sheria za nchi

Toleo lililopita niliomba wanafunzi wa uhasibu waniandikie yanayowatatiza katika somo la sheria. Barua zimekuja nyingi, na nimechagua saba. Kwa wanaosoma safu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mhasibu niliyesajiliwa, na jioni nafundisha hapa Mwanza wanaojiandaa na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ile ya Mei na ya Novemba. Darasani kwangu kuna swali ambalo kila mwanafunzi ameshalisikia mpaka analiota: imeandikwa wapi? Leo nitawauliza na ninyi.

*Shikamoo Mwalimu. Somo la sheria nimelirudia mara mbili. Hesabu za kampuni nafaulu, kodi nafaulu, lakini nikifika kwenye vyanzo vya sheria, Katiba na mihimili ya dola, naona giza. Kusema kweli sioni ni lini nitakuwa ofisini nikaihitaji Katiba. Nisaidie. (Mwanafunzi, Mbeya)*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kurudia. Weka kitabu pembeni. Tafuta risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi dukani, hata ya mfuko mmoja wa simenti, uilaze mezani. Chini kabisa utaona mstari wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Sasa jiulize: huyu muuza duka amepata wapi nguvu ya kukutoza hela hiyo?

Atakwambia TRA, Mamlaka ya Mapato, ndio wanaotaka. Sawa, lakini TRA nao wamepata wapi nguvu? Imo katika Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014, ambayo kwenye vitabu vya sheria ni Sura ya 148. Nani aliitunga? Bunge. Muswada ulisomwa, ukajadiliwa, ukapitishwa, kisha Rais akaukubali kwa saini. Kabla ya saini ile, muswada ni karatasi tu, hata kama wabunge wote wameupigia makofi. Na Bunge nalo? Hapo ndipo unapofika kwenye Katiba ya 1977. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiliwa nguvu na sheria ya Bunge. Waziri akisimama jukwaani akatangaza kodi mpya, tangazo lake halikufungi mpaka liwe na sheria nyuma yake.

Shuka tena chini. Sheria ya Bunge haiwezi kutaja kila kitu: fomu iweje, mashine ya risiti iwe na nini, kumbukumbu ziwasilishwe vipi. Mambo hayo inamwachia Waziri ayatungie kanuni. Kanuni hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali pamoja na mwaka. Chini yake kuna miongozo ya Kamishna Mkuu wa TRA, inayoeleza yeye anaielewaje sheria. Mwongozo si sheria. Unamfunga yeye aliyeutoa. Mlipakodi akiona umekosea, ana haki ya kuupinga.

Ngazi zenyewe ndizo hizo: Katiba, sheria ya Bunge, kanuni, mwongozo. Cha chini kikigongana na cha juu, cha chini kinaanguka. Kwa sheria na Katiba, ibara ya 64(5) inalisema waziwazi: sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiwango inachokiuka.

Umeuliza utaihitaji lini. Siku ambayo afisa atakuletea waraka unaodai malipo, na mwajiri wako akuulize kama ni lazima kulipa. Hapo hautakuwa na mwalimu wa kukunong'oneza. Utaufuata ule waraka ngazi kwa ngazi kwenda juu kama tulivyoifuata risiti. Ukifika ngazi ambayo hakuna kilichoandikwa, jibu umeshalipata.

Na tafadhali, usisomee kodi kwenye chapa ya zamani uliyoazima kwa kaka. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, inayoanza kutumika Julai 1 na kubadilisha vifungu vya sheria nyingine kwa mkupuo. Nimewaona wanafunzi wazuri sana wakianguka kwa sababu kifungu walichokikariri kilikuwa kimeshafutwa.

*Mwalimu, habari za kazi. Kitabu kinasema sheria za mila ni chanzo cha sheria Tanzania. Hakisemi inakuwaje mila ikipingana na Katiba. Na sisi wahasibu mila zinatuhusu nini? (Mwanafunzi, Bukoba)*

Nzuri, mdogo wangu. Umeuliza kutoka mahali penyewe, maana hukumu inayolijibu swali lako ilianzia huko kwenu Kagera, wilayani Muleba. Nataka uijue hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna ngazi za mahakama pia, na hizo mtihani hauachi kuziuliza.

Ni kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Umri ukamwendea, hana wa kumtunza, akaliuza. Ilikuwa Agosti 1988, bei shilingi 300,000, na mnunuzi alikuwa mtu wa nje ya ukoo. Mwanaume wa ukoo wake akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa moja: mila za Kihaya zilizoandikwa hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli zilikuwa zimeandikwa. Mwaka 1963 Serikali ilizikusanya mila za makabila mengi ya Bara ikazitoa kama Matangazo ya Serikali.

Kesi ilianza Mahakama ya Mwanzo. Hii ndiyo mahakama ya chini kabisa, iliyo karibu na wananchi, na mambo ya mila huanzia hapo. Ikampa ushindi yule mwanaume na kuamuru fedha zirudishwe. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, Muleba, akashinda. Mwanaume naye hakukubali, akapanda Mahakama Kuu, hapa Mwanza. Jaji Mwalusanya akatoa hukumu Februari 1990.

Angalia alivyoipima. Upande mmoja kuna mila, tena iliyoandikwa. Upande wa pili kuna Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya shamba lile kuuzwa. Katiba inakataza ubaguzi. Wanaume wa ukoo waliruhusiwa kuuza ardhi ya ukoo, na ndugu asiyeridhika aliweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Jaji akasema kuanzia sasa haki na mipaka ya wanaume na wanawake wa Kihaya katika kuuza ardhi ya ukoo ni ileile. Mauzo ya mama yakasimama. Yule ndugu, akitaka shamba, amlipe mnunuzi zile 300,000.

Nikisoma hukumu ile huwa nafurahi kwamba mila haikutupwa jalalani. Haki ya ukoo kukomboa ardhi ilibaki. Kilichoondoka ni ule ubaguzi. Basi kwenye mtihani usiandike kwamba Katiba imefuta mila. Andika kwamba mila ni sheria pale isipopingana na Katiba wala sheria ya Bunge, na taja kesi hii.

Ngazi za mahakama Bara, kutoka chini: Mahakama ya Mwanzo, kisha Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, juu yao Mahakama Kuu, ambayo ina divisheni kama ya Biashara, iliyoanza 1999, na ya Kazi, na kilele ni Mahakama ya Rufani. Hii ya mwisho ilianzishwa 1979. Kabla ya hapo rufaa zetu zilikwenda mahakama ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika 1977 tukabaki bila kilele. Mahakama ya Rufani ikishaamua jambo, zote zilizo chini zinalifuata.

Mhasibu na mila? Mteja wako akiorodhesha shamba la ukoo kama mali ya biashara yake, au akitaka kuliweka rehani benki, lazima ujue kama lina watu wengine wenye haki juu yake. Namba kwenye mizania haijui hayo. Wewe ndiye unayetakiwa kujua.

*Shikamoo Mwalimu. Kwa nini tunasoma kesi ya Salomon, Mwingereza wa karne ya 19? Nchi si ilishapata uhuru? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba. Kwa sababu sheria yetu yenyewe inasema hivyo, tena inataja siku. Ipo Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358. Kifungu chake cha 2(3) kinaelekeza kwamba pasipo na sheria yetu ya kutosha, mahakama zitumie sheria iliyojengwa na hukumu za majaji wa Uingereza, kanuni zao za usawa, na sheria zao za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 22 Julai 1920, kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Waingereza ndio kwanza walikuwa wameichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, na siku hiyo ndiyo waliyoiweka kuwa mpaka. Hukumu za London za baada ya hapo zinaweza kumshawishi jaji wetu, hazimfungi.

Kesi ya Salomon iliamuliwa 1896, ingawa vitabu huitaja kwa 1897. Salomon alikuwa mtengeneza viatu, akaigeuza biashara yake kuwa kampuni: hisa 20,001 zake, na mkewe na watoto 5 hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika wadai wakasema huyu na kampuni yake ni mtu mmoja. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: kampuni ikishaandikishwa ni mtu mwingine mbele ya sheria, ana mali zake na madeni yake. Wewe unayefunga hesabu za kampuni bila kuchanganya gari la mkurugenzi na gari la kampuni unaifanyia kazi hukumu ile kila siku.

Ila usianze jibu lako la mtihani na Salomon. Anza na Sheria ya Kampuni ya 2002, Sura ya 212, ndipo umlete. Sheria yetu kwanza, mgeni baadaye. Hali kadhalika mikataba: Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, mzizi wake ni sheria ya India ya 1872, na ndiyo maana ukisoma hukumu za zamani za mikataba hapa kwetu utaona majaji wananukuu sana India. Lakini inayotufunga ni Sura ya 345.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Nipo Unguja. Vitabu vyote vinaeleza ya Bara. Yepi yananihusu na yepi hayanihusu? (Mwanafunzi, Zanzibar)*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Una haki ya kulalamika, na hili waandishi wa vitabu wamelipuuza mno. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano, na Mahakama Kuu yake, ambayo si tawi la Mahakama Kuu ya Bara. Chini yake zipo mahakama za mikoa, wilaya na mwanzo, na pembeni Mahakama za Kadhi.

Ili kujua lipi linakuhusu, fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano. Pale pameorodheshwa mambo ya Muungano. Kodi ya mapato ya watu na mashirika imo, kwa hiyo Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inakuhusu wewe sawasawa na mtu wa Tabora. Ushuru wa forodha nao umo, na juu yake ipo sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotufunga sote. VAT haimo. Kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake ya VAT na mamlaka yake ya mapato, na sheria ya 2014 niliyoitaja kwa mwenzako wa Mbeya si yako. Kampuni pia mnayo sheria yenu, ya 2013.

Rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huja Mahakama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa mambo ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na yale ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Hayo hayavuki maji.

*Mwalimu, nasikia sheria sasa ni Kiswahili. Mbona mtihani ni Kiingereza? (Mwanafunzi, Singida)*

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kutafsiri sheria zote zilizokuwepo ni kazi ya miaka, na mitihani ya Bodi inaendelea kwa Kiingereza. Ushauri wangu: jifunze dhana kwa Kiswahili mpaka uweze kumweleza mama yako jikoni, kisha ukariri istilahi za Kiingereza kwa ajili ya karatasi. Wanaofanya kinyume huandika maneno mazuri wasiyoyaelewa, na msahihishaji huwagundua kwenye mstari wa tatu.

*Shikamoo Mwalimu. Nimeajiriwa mwaka huu. Mteja wetu wa zamani ameishtaki kampuni kwa kuvunja mkataba, anadai milioni 40. Mkurugenzi anasema tusiiweke kwenye hesabu mpaka hukumu itoke. Pia kuna mdaiwa wetu wa miaka mingi, bosi anasema siku yoyote tutampeleka mahakamani. Ni sahihi? (Mhasibu mpya, Arusha)*

Marahaba. Kwanza tunyooshe maneno. Mteja wenu hajaishtaki kampuni, ameifungulia madai. Mashtaka ni ya jinai, na huko anayekuja dhidi yako ni Jamhuri. Tazama kichwa cha hati: Jamhuri dhidi ya fulani ni jinai, na fulani dhidi ya kampuni ni madai. Tofauti yake si ya majina. Kwenye jinai kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya msingi, na mwisho wake unaweza kuwa kifungo au faini. Kwenye madai mizani ikiinamia upande mmoja kidogo tu, upande huo umeshinda, na mwisho wake ni fidia. Mdai wenu basi hahitaji ushahidi mzito kama wa mwendesha mashtaka. Mwambie mkurugenzi hilo.

Sasa hesabu. Tanzania tunafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, na kiwango cha IAS 37 hakisubiri hukumu. Kinauliza: kwa hali ilivyo siku ya kufunga hesabu, je, kuna uwezekano mkubwa kuliko kutokuwepo kwamba mtalipa? Kama ndiyo, na kiasi kinaweza kukadiriwa, tenga fedha hizo kama deni. Kama inawezekana lakini haijafikia hapo, eleza kwenye maelezo ya hesabu bila kuiingiza kwenye mizania. Kama uwezekano ni mdogo sana, nyamaza. Hukumu ikitoka baada ya mwaka kufungwa lakini kabla hesabu hazijaidhinishwa, na ikathibitisha kwamba deni lilikuwepo, IAS 10 inakutaka urudi kurekebisha. Wa kukusaidia kupima ni wakili wa kampuni. Mwombe maoni kwa maandishi, yahifadhi, maana mkaguzi wa hesabu atayaulizia.

Kuhusu mdaiwa wa miaka mingi, bosi amekosea, na kosa lake linaweza kuwagharimu. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Ikipita, mahakama hailipokei dai hata uwe na invoisi zenye mihuri mitano. Kuna mlango mmoja: mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi na kutia saini, au akalipa sehemu yake kabla muda haujaisha, hesabu ya miaka inaanza upya. Zile barua za kuthibitisha salio ambazo wakaguzi huwatumia wadaiwa kila mwaka, na makarani wengi huziona usumbufu, zikirudi na saini ya mdaiwa zinaweza kuwa ndio ushahidi wa kukiri. Zitafute kwenye mafaili ya ukaguzi kesho asubuhi, upate tarehe ya mwisho iliyosainiwa, kisha uhesabu.

*Mwalimu shikamoo. Niko kwenye mafunzo ya kazi, kampuni ndogo ya usafirishaji. Wiki iliyopita imekuja barua ya makadirio ya kodi, kiasi ni kikubwa kuliko tunachodaiwa. Mkurugenzi yuko safarini, atarudi mwezi ujao. Mhasibu mkuu ameacha kazi. Nimeambiwa nisubiri, na kwamba mambo yakiwa mabaya tutakwenda mahakamani. Barua nimeiweka kwenye faili. (Mwanafunzi, Shinyanga)*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeiweka mwisho lakini ndiyo niliyoisoma nikasimama. Nilikujibu kwa simu siku ileile. Hapa naandika kwa ajili ya wengine walio na faili kama hilo.

Mwaka 2017 nilikuwa mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Ijumaa moja mchana ikaletwa barua ya makadirio, milioni 18. Nilijua si sahihi. Manunuzi ya miezi minne hayakuhesabiwa, na risiti zake nilikuwa nazo kwenye boksi la karatasi chini ya meza. Bosi alikuwa Kahama akifungua tawi. Nikasema akirudi tutakaa. Nikaipiga muhuri wa kupokelewa, nikaiweka kwenye faili la barua zinazomsubiri. Alirudi wiki ya sita.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa mlipakodi siku 30 tangu apokee uamuzi kuupinga kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, akitaja sababu zake. Siku zangu zilikuwa zimeisha. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu kama ugonjwa, kuwa nje ya nchi au nyingine ya msingi. Kahama si nje ya nchi, na kuweka barua kwenye faili si sababu. Tulilipa zote. Lile boksi la risiti lilikaa chini ya meza mwaka mzima, nikilipiga teke kila nikikaa. Nililijua somo la sheria vizuri. Nilipata alama nzuri. Sikuwa nimelielewa.

Kwa hiyo shika haya. Aliyekwambia mtakwenda mahakamani amekosea njia. Mgogoro wa kodi hauanzii Mahakama ya Wilaya wala Mahakama Kuu. Unaanza na pingamizi kwa Kamishna Mkuu, ndani ya zile siku 30. Ndani ya siku hizohizo mnatakiwa kulipa kodi ambayo hamuipingi, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, la sivyo pingamizi halipokelewi. Kwa milioni 18 yangu ingekuwa milioni 6. Kama hamna uwezo, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna apunguze au asamehe malipo hayo, lakini ombi nalo liandikwe mapema na liwe na sababu.

Akiwakatalia, mnakwenda Bodi ya Rufani za Kodi: taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu mpokee uamuzi wake. Hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wenu, si wa TRA, ndiyo maana kumbukumbu ni roho ya kesi ya kodi. Asiyeridhika anakwenda Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani, ambako hoja za sheria tu ndizo zinazosikilizwa. Risiti ambayo hukuitoa mbele ya Bodi usitegemee kwenda kuitoa mbele ya majaji wale.

Kwenye simu uliniambia barua mliipokea tarehe 2. Siku ya kupokea haihesabiwi, kwa hiyo tarehe 3 ndiyo siku ya 1. Huyo mkurugenzi ana simu. Mpigie, mtumie picha ya barua kwa WhatsApp, mwambie kiasi cha theluthi na tarehe ya mwisho, na akupe idhini kwa maandishi ya kumtafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa leo hii. Ukishakata simu, itoe ile barua kwenye faili, ibandike ukutani mbele ya macho yako, na juu yake uandike kwa kalamu nyekundu siku zilizobaki.